Kangaja mpya kutoka pwani: karantini yake na namna ya kumzoesha maji

SWALI: Nina tangi la maji ya bahari la lita 600 hapa Nairobi, lenye matumbawe laini, konokono, kamba wawili na samaki wanne ambao wamekaa salama kwa zaidi ya mwaka. Nimeagiza samaki aitwaye kangaja wa buluu kutoka kwa muuzaji wa Mombasa, naye atasafirishwa kwa basi la usiku na kunifikia asubuhi. Muuzaji anasema niuache mfuko uelee tangini kwa nusu saa, nichanganye maji kidogo kidogo, kisha nimwachie. Karantini anaiona kazi bure, kwa kuwa samaki ametoka bahari yetu wenyewe wala hakukaa dukani. Rafiki yangu naye ananiambia nimweke ndooni pamoja na maji ya mfuko na kumdondoshea maji ya tangi tone kwa tone kwa saa tatu. Nimsikilize nani, na karantini ikihitajika ni ya muda gani?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na jibu lenyewe kisha nilifafanue. Karantini inahitajika, itachukua wiki sita hivi, na ifanyike katika tangi la peke yake. Kuhusu kumzoesha maji, ushauri wote wawili haumfai samaki aliyekaa mfukoni usiku kucha: wa muuzaji unampeleka moja kwa moja kwa wenzake, na wa rafiki yako unambakiza ndani ya maji machafu kwa saa tatu, tena katika saa ambazo maji hayo yanazidi kuwa sumu. Utaratibu ninaokusihi uufuate ni mfupi siku ya kumpokea, lakini maandalizi yake huanza mwezi mzima kabla basi halijaondoka Mombasa. Ikiwa umekwisha kulipa na samaki alikuwa aje wiki hii, mwombe muuzaji akuhifadhie. Kangaja anayekula vizuri kwa muuzaji yuko salama kuliko aliyefika Nairobi akakosa pa kuwekwa.

Hoja ya kwamba samaki wa bahari yetu hana ugonjwa hutolewa na watu wanaoijua bahari vizuri, kwa hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima. Ni kweli kwamba samaki aliyevuliwa juzi mwambani mara nyingi anang'aa na hana doa. Lakini kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, ambacho huleta ugonjwa wa madoa meupe, ni mwenyeji wa bahari za joto, na samaki wa mwambani anaweza kukibeba kwa idadi ndogo bila kuonyesha dalili yoyote. Kimelea hicho huishi chini ya ngozi na ndani ya matamvua kwa siku 3 hadi 7. Kikishiba hudondoka, hujifungia katika kifuko kigumu juu ya mchanga, jiwe au kioo, na humo hugawanyika kikazaa mamia ya vijidudu vinavyoogelea kutafuta samaki. Baharini, mkondo huvitawanya vijidudu hivyo, samaki naye huhama, na vijidudu visipompata samaki ndani ya siku moja au mbili hufa. Tangini samaki hulala pale pale kila usiku, juu ya mchanga ule ule vilipoangukia vifuko, na maji hayana mahali pengine pa kwenda. Kimelea ni kile kile, lakini idadi ambayo bahari ingeizuia, tangi huizidisha katika kila mzunguko. Ndiyo maana samaki aliyekuwa mzima Mombasa anaweza kuwaua wenzake wanne wa Nairobi katika mwezi wa kwanza, na mwenye tangi akadhani kwamba ni maji yake yaliyoharibika.

Tena umechagua samaki ambaye sithubutu kumwekea kanuni nyepesi. Kangaja wa buluu, ambaye jina lake la kitaalamu ni Acanthurus leucosternon, ni mmoja wa samaki wanaopata madoa meupe kwa wepesi mkubwa mno tangini. Ni samaki wa kuogelea bila kutulia, anayekwangua mwani kutwa nzima, na akibanwa katika mfuko, akanyimwa chakula, kisha akakutana na samaki wageni, kinga yake hushuka haraka. Kwa samaki mwenye subira, kama wale wa anemoni waliozalishwa na wafugaji, ningeridhika na wiki nne za kumtazama tu. Kwa kangaja huyu ninashauri tiba ya kimelea itolewe hata kama hana doa, kwa sababu matamvua hayaonekani kwa macho na ndiyo mahali ambapo ugonjwa huanzia.

Tangi la karantini lisikusumbue kwa urembo. Lita 100 zinatosha kwa kangaja wa sentimita 8 hadi 10. Usiweke mchanga wala mawe, kwa kuwa vitu hivyo huficha vifuko vya vimelea na hunyonya dawa. Weka hita, kipimajoto, pampu ya hewa, chujio la sponji, na vipande vitatu vinne vya bomba la PVC vilivyo vipana kiasi cha samaki kuingia na kugeuka ndani. Funika juu, kwa sababu kangaja aliyeshtuka huruka. Ubao wa rangi ya giza nyuma na pembeni humtuliza sana, na taa iwe hafifu.

Sponji ndiyo roho ya tangi hilo, nayo haiwezi kuandaliwa kwa siku moja. Iweke katika sampu, yaani chombo cha kuchujia maji, ya tangi lako kubwa kwa wiki nne hadi sita, ikusanye bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa naitreti. Kabla ya kumpokea samaki, ihamishie katika tangi la karantini, tia amonia safi kiasi cha miligramu 2 kwa lita, na upime baada ya saa 24: amonia na nitriti zote zikirudi sifuri, chujio liko tayari, nawe badilisha maji kabla samaki hajaingia. Ikiwa huna hakika kwamba tangi lako kubwa halina vimelea, tumia sponji mpya na bakteria wa chupa, ambao pia huhitaji wiki kadhaa kujijenga.

Kuna jambo la Nairobi ambalo miongozo iliyoandikwa kwa watu wa pwani au wa Ulaya hailitaji. Mji wako uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa takriban asilimia 18 ikilinganishwa na ya Mombasa. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26, yaliyoshiba hewa, hubeba miligramu 6.6 hivi za oksijeni kwa lita pale pwani. Nairobi hubeba karibu 5.4 tu. Tangi kubwa lenye pampu zenye nguvu hulifidia pengo hilo bila wewe kuliona. Tangi dogo la karantini lenye sponji moja, samaki mwenye matamvua yaliyochoka na dawa ndani ya maji haliwezi kulifidia. Weka basi mawe mawili ya hewa badala ya moja, elekeza pampu ndogo ili uso wa maji ucheze wakati wote, na uwe na pampu ya hewa ya betri kwa usiku ambao umeme utakatika. Jambo hili lina uzito kuliko hita, ingawa kwa baridi ya Julai hita nayo huwezi kuikosa.

Maji ya chumvi yachanganywe angalau saa 24 kabla, kwa chumvi ya akwariamu na maji yaliyosafishwa kwa mtambo wa osmosisi au maji ya bomba yaliyoondolewa klorini. Chumvi ya mezani haifai kabisa. Pima kwa rifraktomita, yaani kifaa cha kupimia chumvi, iliyosawazishwa kwa mchanganyiko wa chumvi wa 35 kwa elfu. Kuisawazisha kwa maji matupu peke yake hukupa kosa pale pale unapohitaji usahihi.

Sasa mpigie muuzaji simu, na umwulize mambo machache kabla ya kukubali tarehe. Je, samaki amekaa kwake siku ngapi, na anakula nini mbele ya macho yake? Chumvi ya maji anamomweka ni kiasi gani? Maji ya mwambani ya pwani yetu huwa karibu 35 kwa elfu, yaani uzito mahususi wa 1.026, kwa hiyo muuzaji anayevuta maji ya bahari moja kwa moja atakuwa karibu na hapo. Lakini wako wanaopunguza chumvi hadi 1.020 ili kupunguza gharama na vimelea, na tofauti hiyo ukiigundua mlangoni asubuhi umechelewa. Mwombe asimlishe saa 24 za mwisho ili asichafue mfuko, na amfunge katika mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine: kangaja ana kisu chenye makali pande zote mbili za shina la mkia, na akijipinda kwa hofu huupasua mfuko mmoja. Mfuko ujazwe theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, lakini usijazwe hadi ukavimba na kukaza, kwa kuwa hewa iliyofungiwa usawa wa bahari hutanuka kadiri basi linavyopanda kuelekea Nairobi. Uwekwe katika kasha la stairofomu, gizani, mbali na injini na mbali na dirisha.

Hapa ndipo penye kiini cha swali lako, nami nitakaa kidogo. Samaki aliyefungiwa hupumua, na kwa kupumua hutoa hewa ya ukaa ambayo huyeyuka na kuyafanya maji yawe na asidi. Pia hutoa amonia kupitia matamvua. Mambo haya mawili yakiwa pamoja huokoana kwa namna ya ajabu: pH ya mfuko ikishuka hadi 7, amonia karibu yote hugeuka kuwa amoniamu, ambayo haimdhuru samaki kwa kiasi kikubwa, na ile yenye sumu inabaki chini ya asilimia 1 ya jumla. Kwa hiyo baada ya saa tisa au kumi za safari samaki yumo ndani ya maji machafu mno, lakini uchafu wake umefungwa. Unapofungua mfuko, hewa ya ukaa huanza kutoka. Unapodondosha maji ya tangi yenye pH 8.2, unaiharakisha pH kupanda, na kwa pH hiyo amonia yenye sumu hufikia karibu asilimia 7 ya jumla, yaani zaidi ya mara 10 ya ilivyokuwa dakika chache kabla. Maji ya tangi yanapunguza ukali wa amonia yote kwa kuichanganya, ni kweli, lakini si kwa kasi inayolingana na sumu inavyoongezeka. Saa tatu za kudondosha maji ni saa tatu za kuunguza matamvua ya samaki aliyekwisha kuchoka. Madhara yake hayaonekani siku hiyo. Huonekana siku ya tatu au ya nne samaki anapoanza kuhema, na kila mtu akaulaumu usafiri.

Dawa ya tatizo hilo ni kuyaandaa maji ya tangi la karantini yafanane na ya mfuko kabla mfuko haujafunguliwa. Ikiwa muuzaji amekwambia 1.023, tangi la karantini liwe 1.023 usiku ule. Weka pembeni madumu mawili, moja la maji matupu yasiyo na klorini na moja la maji ya chumvi kali, yote yakiwa na joto la tangi. Samaki akifika, zima taa za chumba, uache mfuko uelee ukiwa umefungwa kwa dakika 20 ili joto lisawazike. Kwa asubuhi ya baridi, mfuko ukiwa chini ya nyuzi 22, fanya dakika 30 au 40. Kisha fungua, chota tone moja, pima chumvi. Tofauti ikiwa haizidi 2 kwa elfu, usisubiri lolote. Tangi likiwa na chumvi zaidi ya mfuko, lishushe mara moja kwa dumu la maji matupu. Likiwa na chumvi pungufu kidogo, liache, kwa sababu samaki hustahimili kushuka kwa chumvi kuliko kupanda. Chukua chombo cha plastiki, si wavu, maana kisu cha mkia hunasa katika nyuzi na samaki hujeruhika akijinasua. Mkinge kwa chombo au kwa mkono ulioloa, mwinue, maji ya mfuko yamwagike ndani ya ndoo, naye aingie tangini. Maji ya mfuko yasiingie tangini hata kidogo. Toka mfuko ulipofunguliwa hadi samaki awe ndani ya maji safi, dakika tano zinatosha.

Chumvi utaipandisha baadaye, kwa siku kadhaa, si zaidi ya 0.001 au 0.002 za uzito mahususi kwa siku, hadi ilingane na tangi kubwa. Kazi hiyo unayo wiki sita za kuifanya.

Njia ya rafiki yako haina makosa kila mahali. Samaki uliyemnunua duka la jirani na kufika naye nyumbani ndani ya saa moja hajalimbikiza amonia ya maana, na kumdondoshea maji matone mawili hadi manne kwa sekunde kwa dakika 30 hadi 60, mpaka maji ya ndoo yaongezeke maradufu, ni utaratibu mzuri. Kamba na konokono ndio wanaouhitaji kweli, kwa kuwa wao hawavumilii badiliko la ghafla la chumvi. Kanuni ya matone huwafaa wanyama hao, si samaki wa safari ndefu.

Siku ya kwanza usimlishe wala usimwashie taa kali. Siku ya pili mpe mwani mkavu uliobanwa kwenye kioo, na kamba waliosagwa wadogo wadogo. Kangaja anayekula hupona mambo mengi, na asiyekula hakuna dawa itakayomfaa. Mtazame tumbo: likibonyea nyuma ya mapezi ya kifuani, anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, na mabaki yaondolewe kwa mpira wa kunyonya maji. Pima amonia kila siku katika wiki mbili za mwanzo, na ikionekana badilisha robo ya maji au zaidi.

Kuhusu tiba, nitaanza na shaba kwa sababu ndiyo iliyozoeleka na ina nguvu juu ya madoa meupe na pia juu ya Amyloodinium, ule ugonjwa ambao wafugaji huuita velveti. Mpe samaki siku tatu au nne za kula kwanza, isipokuwa anahema. Kisha ipandishe shaba polepole kwa siku mbili hadi tatu. Shaba ya kawaida ya ioni iwe miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita; shaba iliyofungwa kikemikali huhitaji kiwango kikubwa zaidi cha namba, na hapo fuata maandishi ya chupa yako na kipimo kinachofaa aina hiyo, kwa sababu kipimo cha aina moja husoma vibaya aina nyingine. Kiwango kikae pale pale siku 30 mfululizo, kipimwe kila siku. Kikishuka chini, vimelea hupona na hesabu yako inaanza upya. Kikipanda sana, kangaja ndiye anayeumia, naye ni mwepesi kuumia kuliko samaki wengi. Usitie pamoja na shaba dawa za kuondoa amonia au klorini, maana baadhi yake huigeuza shaba kuwa umbo lenye sumu zaidi, na samaki hufa ndani ya saa chache huku kipimo kikisoma sawasawa. Na shaba isiingie kamwe katika tangi kubwa: kamba, konokono na matumbawe hawaiwezi, na mawe huihifadhi kwa muda mrefu.

Ukiogopa shaba, na kwa kangaja wa buluu hofu hiyo ina msingi, iko njia ya kuhamisha. Unakuwa na vyombo viwili visivyo na mchanga. Samaki anakaa katika cha kwanza siku tatu kamili, saa 72, kisha anahamishiwa cha pili chenye maji mapya yenye joto na chumvi ile ile; cha kwanza kinaoshwa, kinakaushwa kabisa pamoja na mabomba na mawe ya hewa, kikisubiri zamu yake. Uhamisho ni mara nne, kazi ya siku 12. Kila kimelea kinachodondoka kinaachwa nyuma kabla kifuko chake hakijapasuka. Njia hii inahitaji chumvi nyingi na nidhamu ya saa, lakini haimgusi samaki kwa dawa yoyote. Udhaifu wake ni kwamba hutibu madoa meupe tu, velveti haiguswi. Mimi kwa kangaja aliyefika akihema kawaida na kula siku ya pili huchagua njia hii, kisha huongeza wiki nne za kumtazama. Akifika akihema kwa kasi, huchagua shaba siku hiyo hiyo.

Watu watakuambia ushushe chumvi hadi 1.009. Husaidia madoa meupe kwa kiasi, lakini zipo aina za kimelea hicho zinazostahimili, na velveti haijali. Siitegemei.

Minyoo bapa ya ngozi na matamvua hushughulikiwa kwa prazikwanteli, dawa ile ile inayojulikana kwetu kwa kichocho, kwa miligramu 2.5 kwa lita, ikirudiwa baada ya wiki moja hivi ili kuwapata walioanguliwa. Itoe mwishoni, shaba ikiwa imeondolewa, na ongeza hewa, kwa kuwa bakteria huongezeka wakiila na kunyang'anya oksijeni. Klorokwini nayo hutumiwa kwa samaki, na inafanya kazi dhidi ya vimelea kadhaa. Sikushauri uitafute kwa njia za panya wala kusaga vidonge vya binadamu. Mwachie daktari wa mifugo. Iwapo itaingia nyumbani mwako, ifungie mbali na watu: Machi 2020, huko Arizona, Marekani, mwanamume alifariki baada ya kumeza klorokwini iliyokusudiwa kwa tangi la samaki.

Ninakuomba sana uzijue dalili kwa macho yako mwenyewe. Madoa meupe huonekana kama chembe za chumvi juu ya mapezi na mwili, zinazohesabika, na baada ya siku chache hutoweka. Kutoweka huko ndiko kunakowadanganya watu. Vimelea vimeshiba vikadondoka, na samaki anayeonekana amepona Jumatano atarudi na madoa maradufu wiki inayofuata. Velveti ni vumbi laini la rangi ya dhahabu, ambalo huonekana tu ukimulika tochi kwa ubavu katika chumba chenye giza, na mara nyingi samaki hufa kabla vumbi halijaonekana. Dalili yake ya mapema ni kuhema kwa haraka, kuogelea ndani ya mkondo wa pampu bila kutoka, na kuukimbia mwanga. Ukiona hivyo usingoje kesho. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja kila asubuhi kabla ya kumlisha, uandike. Idadi inayopanda siku baada ya siku husema mapema kuliko ngozi.

Vifaa vya karantini viwe vya karantini tu: ndoo, mpira, kipimajoto, chombo cha kumkinga. Hudumia tangi kubwa kwanza, karantini mwisho, kisha nawa mikono na ukauke. Matangi mawili yawe mbali, chumba kingine ikiwezekana, kwa kuwa vijidudu vya velveti vinaweza kusafiri katika matone madogo yanayorushwa na mapovu ya hewa. Mita 3 ndicho kiasi cha chini ninachokikubali.

Samaki akimaliza tiba, ondoa dawa kwa kubadilisha maji na kwa mkaa wa kuchujia maji ya akwariamu, umwache siku 10 hadi 14 bila dawa yoyote, akila vizuri. Asipoonyesha dalili, yuko tayari. Maji ya karantini wakati huo yatakuwa yamelingana na ya tangi kubwa kwa chumvi na joto, kwa hiyo siku ya kuhama haina matone wala kusubiri: mwinue kwa chombo, maji ya karantini yabaki nyuma, aingie. Hatari ya siku hiyo ni wenzake. Mweke kwanza katika kisanduku cha plastiki chenye matundu ndani ya tangi kubwa kwa siku mbili hadi tano, waonane bila kugusana, na ikiwa tayari unaye samaki mwingine wa jamii ya kangaja, muda huo uongeze. Badilisha mpangilio wa mawe machache asubuhi ya kumwachia ili wenyeji wapoteze mipaka yao, walishe wote vya kutosha, mwachie taa zikiwa zimezimwa, na mwani ubanwe sehemu mbili za tangi zilizo mbali.

Ikiwa wakati wa kusoma haya umeona doa kwa samaki wako wa zamani, mpango mzima unabadilika: samaki wote wanne watoke waende kutibiwa, na tangi kubwa libaki na matumbawe, kamba na konokono bila samaki hata mmoja. Vimelea bila samaki hufa, ila vifuko vingine huchelewa kupasuka, na muda mrefu ulioripotiwa ni siku 72. Ndiyo maana wafugaji makini husubiri siku 76. Hata konokono au tumbawe jipya utakalonunua linaweza kuleta kifuko juu ya gamba au jiwe lake, kwa hiyo nalo likae katika chombo kisicho na samaki kwa muda huo huo kabla ya kuingia. Mweleze muuzaji wa Mombasa kwamba kangaja atasubiri hadi hapo, na umlipe gharama ya kumlisha.